Wahafidhina wawili, hukumu zilezile: yupi wa kumpa kura kuhusu nguvu za serikali ya Marekani?

Kama una kura Marekani na kwenye mchujo wa Republican umewekewa wagombea wawili, wote wanakwambia mi mhafidhina, wote wanazisifia hukumu za Mahakama ya Juu za miaka hii ya karibuni, wote wanalalamika kwamba serikali ya Washington imevimba, usikimbilie kudhani wanasema kitu kimoja. Hawasemi. Mmoja anazifurahia hizo hukumu kwa sababu anaona zinairudishia Kongresi kazi yake ya kutunga sheria, mwingine anazifurahia kwa sababu anaona zinampa rais nafasi ya kuishika serikali yote peke yake. Miaka minne ya Biden ilikuwa ngumu kuwatofautisha maana wote walikuwa wanalalamikia mambo yaleyale, ila tangu Januari 2025 wameanza kuachana njia, na ndo maana naandika hii, kwa sababu naona watu wanachagua kwa kuangalia chama na maneno matamu halafu baadaye wanashangaa mtu wao anapiga kura kinyume na alichokuwa anahubiri.

Nitamwita wa kwanza mhafidhina wa Kongresi na wa pili mhafidhina wa Ikulu. Hayo majina nimeyatunga mwenyewe ili tuelewane tu, wao wenyewe hawajiiti hivyo, na wapo wengi wanaokaa katikati. Mi naegemea kwa wa kwanza, nasema mapema ili ujue unamsoma nani, lakini wa pili ana hoja za maana na sitazificha.

Kwanza wanapokubaliana

Chukua boti ya kuvua samaki aina ya herring, inatokea Cape May, New Jersey. Ndani wapo watu watano au sita, nafasi ya kulala ni ya kubanana, wanakaa baharini siku kadhaa ndo warudi. Sheria ya uvuvi ya 1976 inaruhusu serikali kuwataka wabebe mwangalizi, yaani mtu anayekaa nao humo botini anarekodi wamevua nini na kiasi gani. Hilo wavuvi hawakulipinga. Ila 2020 idara ya uvuvi ya serikali kuu ikatoa kanuni kwamba huyo mwangalizi alipwe na mwenye boti, na gharama ilikadiriwa kufika mpaka dola 710 kwa siku. Fikiria unamlisha mtu, unampa kitanda, anakuandika, na jioni unamlipa wewe. Sasa ukiisoma ile sheria ya 1976, haisemi kwamba wavuvi wa herring wa Atlantiki walipe, na haisemi wasilipe. Imenyamaza.

Hapo kwenye ukimya ndipo ugomvi wote ulipo. Tangu 1984, kwenye kesi ya Chevron, Mahakama ya Juu ilikuwa imewaambia majaji wote wa chini kwamba sheria ikiwa wazi ifuate, ikiwa na utata basi tafsiri ya idara ya serikali ndo ipite, mradi iwe ya akili, hata kama jaji mwenyewe angeisoma tofauti. Kwa hiyo mvuvi anaenda mahakamani kumshtaki mtu ambaye tafsiri yake tayari inapewa uzito kuliko ya jaji. Wavuvi wakashindwa kwenye mahakama ya rufaa, wakapanda juu, kesi ikaitwa Loper Bright, na tarehe 28 Juni 2024 Jaji Mkuu John Roberts, akiwa na majaji wote wahafidhina nyuma yake, akaifuta Chevron kabisa. Hoja yake imesimama kwenye sheria ya 1946 inayoongoza utendaji wa idara za serikali, kwamba kutafsiri sheria ni kazi ya jaji, kwa akili yake huru, na maoni ya wataalamu wa idara yanaweza kumshawishi lakini hayamfungi. Jaji Elena Kagan alipinga vikali, yeye anaona Kongresi haiwezi kuandika kila kitu, mtaalamu wa idara anaijua fani yake na yuko chini ya rais aliyechaguliwa, wakati jaji hakuchaguliwa na mtu na sayansi ya uvuvi haijui. Hoja nzito hiyo, msiipuuze.

Wahafidhina wote wawili walishangilia siku ile. Na walishangilia kabla yake pia, 2022 kwenye kesi ya West Virginia dhidi ya EPA, pale mahakama iliposema mamlaka ya mazingira haiwezi kuichukua sheria ya hewa safi ya 1970 na kuitumia kuamua upya umeme wa nchi nzima uzalishwe kwa nini, mpaka Kongresi iseme waziwazi. Hiyo ndo wanaiita kanuni ya maswali makubwa, kwamba jambo likiwa kubwa kiuchumi na kisiasa, idara isijifiche kwenye kijisentensi cha zamani. Halafu Juni 2023 ikaja ya madeni ya wanafunzi, Biden alitaka kufuta deni la karibu dola bilioni 430 kwa kutumia sheria ya 2003 iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi walio vitani na kwenye dharura, mahakama ikakataa 6 kwa 3.

Zipo nyingine mbili ambazo watu wa mtaani hawazijui ila wabunge hawa wanazipenda sana. Jarkesy ya Juni 2024, tume inayosimamia soko la hisa ikikutoza faini kwa madai ya utapeli una haki ya kupelekwa mbele ya jopo la raia, siyo kuhukumiwa na jaji wa ndani wa tume hiyohiyo inayokushtaki. Na Corner Post, kituo cha mafuta na malori cha North Dakota kilichofunguliwa 2018, kikapinga kanuni ya 2011 ya ada za kadi, serikali ikasema mmechelewa, miaka sita imeshapita, mahakama ikasema miaka sita inaanza kuhesabiwa siku kanuni imekuumiza wewe. Yaani biashara iliyozaliwa jana inaweza kushtaki kanuni ya juzi na hata ya zamani zaidi.

Mpaka hapo huwezi kuwatofautisha hawa wagombea wawili. Wote wataziorodhesha kesi hizihizi.

Nguvu imetoka kwenye idara, imeenda wapi?

Hili ndo swali la kumuuliza, na majibu yanaachana hapa.

Mhafidhina wa Kongresi atakwambia imeenda, au inatakiwa iende, kwa watu waliochaguliwa kuandika sheria. Mfano wake mzuri ni Seneta Mike Lee wa Utah, ambaye miaka kadhaa nyuma alipanga ofisini kwake makaratasi ya aina mbili. Upande mmoja sheria zilizopitishwa na Kongresi mwaka ule, kirundo cha inchi chache tu. Upande wa pili kanuni na matangazo ya idara za serikali ya mwaka uleule, kurasa kama 80,000, mnara wa futi kama 11. Ukiona ile minara miwili bega kwa bega huhitaji hotuba, maana raia anaadhibiwa kwa karatasi za mnara mrefu wakati mtu aliyempigia kura aliandika kale kafupi tu. Na 2016 Lee alianzisha mradi wenye jina la Kifungu cha Kwanza cha Katiba, kile kinachoihusu Kongresi, akiwa na lengo la kuirudisha hiyo kazi nyumbani.

Wabunge wa aina hii wanaupenda mswada wa REINS, ambao unasema kanuni yoyote kubwa, yenye athari ya dola milioni 100 au zaidi kwa mwaka, isianze kazi mpaka Kongresi iipigie kura ya ndiyo. Baraza la Wawakilishi limeupitisha zaidi ya mara moja, mara moja wapo ikiwa Juni 2023, na kila mara unaishia kufia Seneti. Kinachonivutia kwenye mswada huu ni kwamba unamfunga rais yeyote, akiwa wa kwako akiwa wa kwangu.

Udhaifu wake upo na nausema bila kumung'unya. Kongresi yenyewe ndo iliyozigawa hizo nguvu kwa hiari yake miaka na miaka, kwa sababu kuandika sheria yenye utata ni salama, ukiandika "hewa iwe safi" kila mtu anakupigia makofi, ukiandika kiwango kamili cha moshi kuna kiwanda cha jimboni kwako kinakuchukia. Kwa hiyo mhafidhina wa Kongresi anapokwambia nguvu irudi, muulize umeajiri wataalamu wangapi wa kukusaidia kuandika, kamati yako imekaa vikao vingapi kurekebisha sheria zilizojaa utata baada ya Juni 2024. Kama jibu ni hotuba tu, basi nguvu haijarudi Kongresi, imeenda kwa majaji, na hapo Kagan atakuwa amesema kweli.

Mhafidhina wa Ikulu yeye anafungua Kifungu cha Pili cha Katiba, sentensi ya kwanza kabisa, inayosema mamlaka ya utendaji yapo kwa Rais. Rais mmoja, siyo rais na makamishna wake. Kwake yeye tatizo la mnara wa karatasi ni kwamba unaandikwa na watu ambao hakuna mpiga kura anayeweza kuwafukuza, na rais naye alikuwa hawezi. Sasa mi hii hoja naiheshimu. Kama wananchi wamebadilisha rais Novemba, kisha Februari tume ileile inaendelea na sera ileile kwa sababu makamishna wana mihula yao na sheria inawalinda, kura imefanya kazi gani?

Ndo maana anazipenda hukumu za kundi la pili. Seila Law ya 2020, 5 kwa 4, iliyosema mkuu wa shirika la kulinda watumiaji wa huduma za fedha lazima rais aweze kumwondoa. Amri ya tarehe 22 Mei 2025 iliyomruhusu Trump kuendelea kumweka nje Gwynne Wilcox wa bodi ya mahusiano ya kazi wakati kesi inaendelea, ingawa sheria inasema mjumbe wa bodi ile anaondolewa kwa kuzembea kazi au utovu wa nidhamu tu (na hapohapo mahakama ikajihami ikasema benki kuu, Federal Reserve, ni suala tofauti). Trump v. CASA ya tarehe 27 Juni 2025, iliyowanyang'anya majaji wa wilaya lile rungu la kuzuia amri ya rais nchi nzima kwa kesi ya watu wachache. Na ile ya kinga ya rais ya tarehe 1 Julai 2024, kwamba rais hawezi kushtakiwa kwa jinai kwa kutumia mamlaka yake ya msingi ya kikatiba, na kwa vitendo vingine vya kikazi analindwa mpaka upande wa mashtaka uonyeshe vinginevyo.

Zipange sasa. Kundi la kwanza linaipunguzia serikali nguvu. Kundi la pili halipunguzi nguvu ya serikali hata kidogo, linaihamisha tu kutoka mikono mingi kwenda mkono mmoja. Hiyo tofauti ndo iliyonifanya mi nichague upande, kwa sababu mvuvi wa Cape May hajali kama anayemtoza dola 710 ni karani wa idara au ni rais mwenyewe, anajali kwamba hakuna sheria inayosema alipe.

Historia inayowahusu wote wawili

Kuna mambo mawili ya zamani ambayo yangetakiwa kila mbunge mhafidhina ayajue kwa moyo.

La kwanza ni Chevron yenyewe. Leo inatajwa kama dude la watu wa kushoto, lakini ilipozaliwa ilikuwa ushindi wa Ronald Reagan. EPA ya Reagan, ikiongozwa na Anne Gorsuch, ilikuwa imelegeza kanuni mwaka 1981 ili kiwanda kizima kihesabiwe kama chanzo kimoja cha uchafuzi, viwanda vikapumua. Watu wa mazingira wakashtaki, mahakama ya rufaa, hukumu ikiandikwa na Ruth Bader Ginsburg kabla hajapanda Mahakama ya Juu, ikaifuta ile kanuni. Mahakama ya Juu ikaigeuza 1984 ikasema waachieni idara. Wahafidhina wakafurahi, Jaji Antonin Scalia akawa mtetezi wake mkubwa kwa miaka mingi, kwa sababu wakati ule waliwaona majaji ndo wenye mrengo wa kushoto na idara ziko mikononi mwa Reagan. Miaka 40 mbele, mmoja wa majaji walioizika ni Neil Gorsuch, mtoto wa Anne.

La pili ni la William Humphrey. Huyu alikuwa kamishna wa tume ya biashara, FTC, mhafidhina wa kweli, aliteuliwa na Calvin Coolidge na Herbert Hoover akamwongezea muhula. Franklin Roosevelt akaingia 1933, akaona huyu mzee hataenda naye kwenye sera zake mpya, akamwandikia barua za kumwomba ajiuzulu, Humphrey akagoma, Oktoba akafukuzwa. Hakukubali, akaendelea kudai yeye bado ni kamishna, mpaka Februari 1934 akafariki. Msimamizi wa mirathi yake akaenda kudai mshahara wa ile miezi. Na Mei 1935 majaji wote tisa wakasema Roosevelt hakuwa na haki ya kumfukuza. Siku ile ilikuwa sherehe kwa kila aliyeogopa rais mwenye nguvu kupita kiasi. Hukumu hiyohiyo ndo mhafidhina wa Ikulu amekuwa akitaka iondoke kabisa.

Kwa hiyo hukumu mbili kuhusu nguvu za serikali ambazo wahafidhina wa leo wamezipiga vita sana, zote mbili ziliwahi kuwa ushindi wa wahafidhina. Sisemi walikosea kubadilika, mtu anaweza kujifunza. Nasema ukimwona mgombea anaisifia kanuni kwa sababu inamsaidia rais aliyepo leo, jiulize ataisifia Alhamisi ya wiki atakayoapishwa rais wa upande mwingine? Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Wapi utawaona wakiachana kwa vitendo

Ushuru wa bidhaa ndo kipimo kizuri kuliko vyote. Katiba, Kifungu cha Kwanza sehemu ya 8, inaipa Kongresi kazi ya kutoza ushuru, hakuna utata hapo. 2025 Trump akatangaza ushuru kwa karibu dunia nzima akitumia sheria ya dharura za kiuchumi ya 1977, ambayo neno ushuru wa forodha halimo ndani yake. Mahakama ya biashara ya kimataifa iliyoko New York tarehe 28 Mei 2025 ikasema hana mamlaka hayo, na mahakama ya rufaa mwezi Agosti ikakubaliana nayo kwa kura 7 kwa 4.

Sasa weka hoja za West Virginia na za madeni ya wanafunzi juu ya meza. Sheria ya zamani, ina maneno mapana, inatumika kufanya jambo kubwa la kiuchumi ambalo Kongresi haikulisema waziwazi. Ni ileile! Mhafidhina wa Kongresi hana shida, anasema kilichokuwa kibaya kwa Biden ni kibaya hapa pia. Seneta Rand Paul wa Kentucky alisema na akapiga kura hivyo, tarehe 2 Aprili 2025 Seneti ilipitisha azimio la kufuta dharura iliyotumika kuitoza Kanada ushuru, kura 51 kwa 48, na Warepublican walikuwa wanne tu, Paul, Mitch McConnell, Susan Collins na Lisa Murkowski. Wanne.

Mhafidhina wa Ikulu ana jibu, tena siyo la kijinga. Anasema mambo ya nje na usalama wa taifa ni uwanja wa rais tangu zamani, na maneno ya kudhibiti uagizaji yaliyomo kwenye ile sheria yanatosha, na kwenye mazungumzo na nchi nyingine rais hawezi kuwa anakimbia Kongresi kila asubuhi kuomba ruhusa. Kama unaamini kwamba China na wengine wanaitumia Marekani vibaya na dawa yake ni rais mwenye nguvu nyingi, huyu ndo mtu wako, na msimamo wake unaeleweka. Kinachonisumbua mi ni njia waliyotumia. Machi 2025 uongozi wa Baraza la Wawakilishi ulichomeka kwenye kanuni za mjadala kifungu kwamba siku zilizobaki za kikao kile zisihesabiwe kuwa siku za kalenda kwa ajili ya sheria ya dharura, ili muda wa kulazimisha kura ya kufuta ile dharura usitimie kamwe. Jua linachomoza linazama, lakini kwenye vitabu vya Bunge siyo siku. Mbunge aliyesema miaka minne kwamba Kongresi imenyang'anywa kazi yake, akaipigia kura ile ya kuikimbia kazi, huyo kwangu ameshajibu.

Kipimo cha pili ni mazuio ya nchi nzima. Hapa mhafidhina wa Ikulu anaongea kwa uchungu na ana haki ya kuongea, jaji mmoja wa wilaya kati ya mamia anasimamisha sera ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, halafu mlalamikaji ameshajichagulia wilaya ya jaji anayemtaka. Seneta Chuck Grassley wa Iowa alileta mswada wa kubana hilo, na Darrell Issa wa California akapitisha wa kwake Baraza la Wawakilishi tarehe 9 Aprili 2025 kwa kura 219 kwa 213, kabla hata ya CASA. Mi naunga mkono wazo lenyewe. Ila tukumbuke Februari 2015, jaji mmoja wa Texas alisimamisha mpango wa Obama wa kuwalinda wazazi wahamiaji, nchi nzima, kwa kesi iliyoongozwa na Texas, majimbo 26 kwa jumla, na ile siku sikusikia wahafidhina wengi wakilia kuhusu jaji mmoja. Waliokuwa na msimamo mmoja muda wote ni watu kama Clarence Thomas, jaji wa Mahakama ya Juu, aliyeyahoji haya mazuio tangu 2018, na Gorsuch 2020. Mhafidhina wa Kongresi kwenye hili mara nyingi yuko upande uleule wa CASA, tofauti ni kwamba anataka Kongresi iandike sheria ya kudumu inayombana jaji wa mrengo wowote, siyo kufurahia tu kwamba leo rais wetu kapona. Na CASA yenyewe haikufunga mlango wote, maana kesi ya kundi, yaani wachache wanashtaki kwa niaba ya wote walio kama wao, bado inaruhusiwa, na ndani ya wiki mbili jaji wa New Hampshire alitumia njia hiyohiyo kuizuia tena amri ya Trump ya kubana uraia wa kuzaliwa, ileile iliyoleta kesi ya CASA.

Kuhusu kinga ya rais sina mengi, nimeshaona mtu akitumia kipimo hiki anaishia kwenye kugombana kuhusu Trump kama mtu. Muulize tu mgombea kama kinga ile ni sawa kwa rais yeyote, bila kutaja jina.

Sasa nani anakufaa

Kama wewe una biashara ndogo au shamba na unachoka na kanuni zinazobadilika kila rais akibadilika, miaka minne lazima ufanye hivi, miaka minne inayofuata ni kosa, basi mhafidhina wa Kongresi anakufaa zaidi hata kama anachosha kumsikiliza, kwa sababu sheria iliyopita mabaraza mawili haifutwi kwa saini ya asubuhi moja. Utavumilia mambo kwenda polepole, hilo ujiandae.

Kama unachotaka ni mabadiliko ya haraka, unaona urasimu umeota mizizi na hautang'oka kwa vikao vya kamati, na uko tayari rais wa upande mwingine naye akija azikute nguvu zilezile mezani, mhafidhina wa Ikulu anakufaa. Hilo la mwisho ndo watu wengi hawalipigii hesabu. Kufukuza makamishna, kutumia sheria za dharura, kinga, hivyo vyote havina jina la mtu, vinabaki ofisini.

Kama wewe siyo mhafidhina kabisa, bado una sababu ya kujali, maana kwenye majimbo mengi mchujo wa Republican ndo uchaguzi wenyewe. Kwa mtu kama wewe mhafidhina wa Kongresi ni nafuu ya kueleweka: hatakupa sera unazozitaka, EPA yake itakuwa dhaifu, madeni hatayafuta, lakini utajua kesho atasimama wapi.

Na kuna wa katikati ambao mi nawaogopa kuliko wote wawili, anayesema Loper Bright safi kwa sababu idara zilikuwa za Biden na ushuru safi kwa sababu rais ni wetu. Huyo hana mtazamo wa mahakama wala wa Katiba, ana timu.

Ukipata nafasi kwenye mkutano wake wa hadhara, usimuulize kama anaiunga mkono Mahakama ya Juu, atasema ndiyo na watu watapiga makofi. Muulize hivi: nitajie hukumu moja iliyomzuia rais wa chama chako na wewe ukaona mahakama ilikuwa sahihi. Wa Kongresi atakutajia, hata kwa kusitasita. Wa Ikulu mkweli atakwambia hapana, mahakama ilikosea, na atakueleza kwa Kifungu cha Pili kwa nini. Akianza kukuhadithia habari za Biden wakati hujamuuliza, ukirudi nyumbani fungua tovuti ya Seneti, tafuta ile kura ya tarehe 2 Aprili 2025, kama alikuwepo jina lake lipo pale, na kama alikuwa Baraza la Wawakilishi tafuta ile ya Machi ya siku ambazo siyo siku.